Choo Kisichorudisha Maji Masika: Mwongozo Kamili wa Karo na Kilima cha Mchanga kwa Kiwanja Chenye Maji Juu

Kila masika ujumbe unaonifikia ni uleule: "Fundi, choo kinarudisha maji. Tumeshachimba shimo la pili, sasa la tatu, bado." Dar es Salaam, unatoka Kigamboni, unatoka Mikocheni, unatoka Msasani Bonde la Mpunga, mahali ambapo jina tu lingetosha kumwonya mnunuzi wa kiwanja, maana mpunga wa bondeni haulimwi pakavu.

Kosa linafanana karibu kila nyumba. Shimo la kunyonya likigoma, watu wanachimba lingine refu zaidi. Pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo refu linageuka kisima. Maji ya chini yanaingia, ya chooni yanakosa pa kwenda, na uchafu unachanganyika na maji ambayo jirani anayavuta kwa pampu kuogeshea watoto.

Kinachosafisha maji taka ni udongo mkavu wenye hewa, kwa sababu humo ndimo wanamoishi vijidudu vinavyokula uchafu. Udongo uliolowa hausafishi vizuri. Kwa hiyo kama ukavu haupo chini, tunaujenga juu: karo lisilovuja, yaani tangi la kutulizia maji taka, pampu ndogo ya kuyapandisha, na kilima cha mchanga cha kuyasafisha.

Vipimo vya hapa ni vya familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, yaani lita 600. Ukiwa na wapangaji, piga hesabu upya kabla ya kununua chochote.

## Vifaa vya kuandaa

Karo na chemba ya pampu
- Saruji mifuko 35 hadi 40, pamoja na plasta
- Nondo za milimita 12, binding waya, mbao za kufungia zege
- Kokoto na mchanga safi wa zege, dawa ya kuzuia maji ya kuchanganya kwenye saruji
- Bomba za inchi 4, ti 3 (viungo vya umbo la T), mifuniko mizito 3 inayoziba vizuri
- Pampu ya kuzamisha ya maji machafu, inayoweza kutoa lita 110 kwa dakika kwa kimo cha mita 4 (nyingi za nusu hospawa zinafika, soma kibao chake, usiamini neno la muuzaji)
- Swichi ya boya 2: moja ya kuwasha pampu, moja ya kengele
- Noni-ritani valvu (ya kuzuia maji kurudi) na geti valvu (ya kufungia maji)

Kilima
- Mchanga wa chembe kubwa, ulio safi, takriban mita za ujazo 35
- Kokoto zilizooshwa, za sentimita 2 hadi 4, mita za ujazo 5
- Udongo wa juu wa kuotesha majani, takriban mita za ujazo 20
- Bomba za milimita 40 kwa kusambazia, za milimita 50 za kutoka kwenye pampu
- Kitambaa cha kuchujia cha mita 3 kwa 11

Vya kupimia: futi kamba, mpira wa levo (mpira mwangavu wenye maji wa kupimia usawa), chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 2.

## Hatua ya 1: Jua maji yanafika wapi masika

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayowaangusha watu. Kiwanja kinanunuliwa Septemba, shimo linachimbwa Septemba, fundi anasema "pakavu". Aprili inafika.

Chimba shimo jembamba la mita 2 pale utakapojenga kilima. Toboa lile bomba la inchi 2 matundu madogo upande wa chini, lisimamishe ndani, rudishia mchanga pembeni, funika juu. Kuanzia Machi hadi Mei teremsha kamba kila Jumapili na uandike: kutoka usawa wa ardhi hadi maji, sentimita ngapi. Namba ndogo kuliko zote ndiyo unayojengea.

Huna muda wa kusubiri masika? Soma udongo. Kata ukuta wa shimo kwa jembe uwe laini, uangalie ukiwa na mwanga wa asubuhi. Juu utaona rangi moja, kahawia au nyekundu. Ukishuka, ghafla yanaanza madoa ya rangi ya kutu katikati ya udongo wa kijivu. Chukua kipande mkononi, kivunje: kijivu kiko ndani kabisa, na kutu imekaa kwenye vijitundu vya mizizi ya zamani. Hapo ndipo maji hupanda na kushuka kila mwaka. Pima kutoka juu hadi doa la kwanza, na uichukue namba hiyo hata kama shimo ni kavu siku hiyo.

Kisha jaribu unyonyaji. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 30, lakini lisiguse maji. Lijaze jioni, liache usiku, asubuhi weka maji ya sentimita 15 na uhesabu dakika yanaposhuka sentimita 2.5. Kati ya dakika 2 na 30, endelea. Zaidi ya hapo eneo la kilima liongezwe, na vipimo vyake avipige injinia.

Umefaulu ukiwa na: namba mbili kwenye karatasi, ya kina cha maji na ya dakika.

## Hatua ya 2: Amua kama kilima kinakufaa

Kati ya sakafu ya kokoto na maji ya masika tunataka sentimita 90 za ukavu. Toa kina cha maji kwenye 90, kinachobaki ni unene wa mchanga. Maji yakifika sentimita 40 chini ya ardhi, mchanga ni sentimita 50. Mwongozo huu unaendelea na mfano huo.

Maji yakipanda hadi yakabakiza pungufu ya sentimita 30 kufika juu ya ardhi, usijenge kilima. Kitavujia miguuni. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Pima na nafasi. Kilima cha mfano wetu, pamoja na miteremko yake, kinahitaji takriban mita 8 kwa 16. Kiwe mita 30 kutoka kisima chochote, cha kwako au cha jirani, na karo liwe mita 15 kutoka kisima. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakitatosha, na ni afadhali ujue leo kuliko baada ya malori ya mchanga kufika.

Kabla ya kuchimba, uliza mamlaka ya maji kama bomba la maji taka la mtaa liko karibu, na upeleke mchoro halmashauri pamoja na kibali cha ujenzi. Bomba la mtaa likiwepo, unganisha huko.

## Hatua ya 3: Panga levo zote kabla ya jembe

Levo zikikosewa, choo chenyewe kinakuwa chini kuliko karo. Tumia mpira wa levo, weka alama kwenye kigingi kimoja kisichoguswa, na uite usawa wa ardhi sifuri.

- Chini kabisa ya zege la karo: mita 1.30 chini ya ardhi
- Usawa wa maji ndani ya karo: sentimita 10 juu ya ardhi
- Bomba linaloingia karo: sentimita 17 juu ya ardhi
- Juu ya mfuniko wa zege: sentimita 50 juu ya ardhi
- Sakafu ya choo, ikiwa umbali hadi karo ni mita 6: angalau sentimita 60 juu ya ardhi

Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kila mita. Likilala sana, uchafu unakaa. Likiwa mteremko mkali sana, maji yanaweza kukimbia na kuacha uchafu nyuma.

Karo kuchomoza nusu mita juu ya uwanja si kosa la mjenzi. Maji ya mvua yakitanda, mfuniko unabaki mkavu. Bomba linaloonekana juu ya ardhi lijengee kibaraza cha zege, lisipigwe na jua wala toroli.

## Hatua ya 4: Jenga karo lisilovuja na lisiloelea

Jenga Agosti au Septemba, au Januari na Februari kabla ya masika. Hata hivyo kodi pampu ya kutoa maji shimoni, kwa sababu zege likimwagwa kwenye maji ya matope saruji inaoshwa na nguvu inaisha.

Vyumba vitatu kwenye mstari, upana wa ndani mita 1 na kimo cha ndani mita 1.55: cha kwanza urefu mita 1.6, cha pili sentimita 80, cha tatu (cha pampu) mita 1. Sakafu na kuta za nje sentimita 15 za zege lenye nondo kila sentimita 15 pande zote mbili. Mchanganyiko ni 1 kwa 1.5 kwa 3: saruji, mchanga, kokoto. Ukuta kati ya chumba cha kwanza na cha pili unaweza kuwa sentimita 10. Ule wa kutenga pampu uwe 15 kama wa nje, na usivuje hata tone. Mfuniko wa zege ni sentimita 10.

Kwa nini nisisitize zege badala ya matofali ya inchi 6? Uzito. Maji ya ardhini yakipanda hadi usawa wa uwanja, karo hili linasukumwa juu kwa nguvu ya takriban tani 6.7. Zege lake lina uzito wa takriban tani 9.5. Linabaki chini hata likiwa tupu. Refusha sakafu itokeze sentimita 20 kila upande, udongo ukilala juu yake unaongeza usalama.

Sasa linganisha na tangi la plastiki la lita 3,000: likizama likiwa tupu linasukumwa na tani 3, na lenyewe halifiki kilo 150. Nililiona kwa macho yangu mwezi wa nne, siku mbili tu baada ya gari la maji taka kulivuta likawa jeupe ndani. Lilikuwa limeinua zulia zima la majani uani kama mgongo wa kiboko, bomba la choo limekatika, na mama mwenye nyumba amesimama barazani na ndoo mkononi hajui aanzie wapi. Fundi wa tangi lile nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo sizamishi plastiki mahali penye maji juu.

Ndani:

1. Ti ya kuingilia ishuke sentimita 30 chini ya usawa wa maji, isivuruge tope.
2. Kati ya chumba cha kwanza na cha pili acha matundu kwenye ukuta, katikati ya kina cha maji. Juu kuna mafuta yanayoelea, chini kuna tope; maji yenye nafuu yako katikati. Acha na uwazi juu ya usawa wa maji, hewa ipite.
3. Ti ya kutokea kwenda chumba cha pampu ishuke sentimita 45, na iwe sentimita 7 chini ya bomba la kuingilia.
4. Bomba la hewa lipande ukutani hadi juu ya paa, na ti ya tatu iweke kileleni mwake.

Plasta tabaka mbili zenye dawa ya kuzuia maji, kisha niru (uji wa saruji). Pembe za ukuta na sakafu zizungushwe kwa mwiko. Ufa huanzia kwenye kona kali. Mwagilia zege siku 7 mfululizo. Najua saruji ikikauka mtu anataka kuendelea, lakini zege lililonyimwa maji linapasuka nywele ambazo huzioni, na maji yanaziona.

Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta. Maji ya paa yasiingie kabisa humu.

Jaribio: jaza karo, liache saa 24 zege linywe. Ongeza hadi alama, weka mstari wa penseli, rudi baada ya saa 24 nyingine. Likishuka zaidi ya sentimita 1, linavuja. Tafuta, rekebisha, rudia. Usifukie kwanza. Likifaulu usilitoe maji: karo liingie masika likiwa limejaa.

## Hatua ya 5: Chumba cha pampu

Pampu isikae sakafuni, iweke juu ya tofali. Boya la kwanza lipangwe ili pampu iwake na kuzima ndani ya sentimita 15 za maji, ambazo ni lita 150. Kwa siku itawaka mara 4. Maji yakienda kidogo kidogo, mchanga unapata muda wa kupumua kati ya dozi moja na nyingine.

Sentimita 40 za chini zibaki na maji daima, pampu isiungue. Juu ya usawa wa kuwasha kuna sentimita 60 tupu: hiyo ni akiba ya lita 600, siku nzima umeme ukikatika. Boya la kengele lifungwe juu kidogo ya usawa wa kuwasha, na kengele ilie ndani ya nyumba. Nyaya aziunge fundi umeme, nje ya chemba, na saketi iwe na swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Usiingie ndani ya chemba iliyotumika, hata kichwa tu. Hewa yake inaua kabla hujaita mtu, na wengi wanaokufa ni wale wanaoruka kumwokoa wa kwanza. Pampu iwe na kamba ya kuivutia juu.

## Hatua ya 6: Andaa ardhi ya kilima

Fyeka majani, usikwangue udongo wa juu. Kisha lima kwa jembe la mkono sentimita 15 hadi 20, uache mabonge. Mchanga utashikana na mabonge hayo. Ukiumwaga juu ya ardhi laini, maji yatateleza mpakani na kutokea pembeni.

Usilime udongo ukiwa umelowa. Finyanga udongo wa kina cha sentimita 20 kiganjani: ukitengeneza kamba kama ya chapati, subiri ukauke.

Kuanzia hapo hakuna lori, hakuna trekta, hakuna rundo la tofali juu ya eneo hilo. Tairi moja la lori linafunga vijitundu ambavyo huwezi kuvifungua tena. Lori limwage pembeni, mchanga uingizwe kwa toroli, ukitembea juu ya mchanga uliokwisha kumwagwa.

## Hatua ya 7: Mchanga, kokoto, mabomba

Pima kila lori kabla halijamwaga. Jaza mchanga nusu ya chupa, ongeza maji, tikisa dakika moja, weka mezani hadi maji yawe safi. Tabaka la vumbi juu ya mchanga likizidi moja ya ishirini ya kimo chote, mrudishe dereva. Atanung'unika. Mrudishe. Mchanga wa pwani, ule mlaini unaopita vidoleni kama unga, usiukubali; unaziba.

Mwaga sentimita 50, sawazisha kwa mpira wa levo. Juu yake tengeneza kitanda cha kokoto chenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 10, unene sentimita 15. Mchanga uzunguke kitanda pande zote, na miteremko ishuke mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo.

Kwenye kokoto laza mabomba mawili ya milimita 40, kila moja mita 10, yakiachana mita 1, levo sawasawa. Toboa matundu ya milimita 6 kila sentimita 75 kwenye mstari mmoja. Toa mabaki ya plastiki ndani ya kila tundu kwa mkono, moja moja. Kila mwisho wa bomba weka kona inayopanda juu yenye kifuniko cha kufungua, ili uyaoshe baadaye.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kabla ya kufunika, geuza matundu yaangalie juu, washa pampu na maji safi. Mistari ya maji itasimama kwenye foleni mbili, kama watoto gwaride. Simama kichwani mwa kilima na uangalie kwa jicho moja: inatakiwa ifike takriban sentimita 75 yote, wa kwanza na wa mwisho. Wa mwisho ukiwa mfupi kwa zaidi ya kiganja, kuna tundu limeziba, bomba limelala vibaya au pampu ni dhaifu. Yote yanatibika leo. Kesho yatakuwa chini ya udongo.

Mistari ikisimama sawa, geuza matundu yaangalie chini, ongeza kokoto zifunike mabomba kwa sentimita 5.

## Hatua ya 8: Funika na uoteshe

Tandaza kitambaa cha kuchujia juu ya kokoto, kisha udongo sentimita 20, katikati uinuke kidogo ili mvua ikimbilie pembeni. Chimba mfereji mdogo upande ambao maji ya mvua hutokea, uyaelekeze mbali na kilima.

Pandikiza majani ya kutambaa mara moja. Miti, hapana: mizizi inafuata maji hadi kwenye matundu. Migomba mitatu au minne chini ya mteremko haina shida. Mchicha na nyanya usipande hapa, na mbuzi wasipande juu yake.

## Masika ya kwanza

Zunguka kilima baada ya kila mvua kubwa kwa wiki za mwanzo. Miguu yake iwe na unyevu wa kawaida wa uwanja, bila harufu, bila maji meusi. Pampu iwake mara 4 hivi kwa siku. Ikiwaka mara 10 na wageni hawapo, maji ya ardhini yanaingia kwenye karo, au kuna bomba la choo linalovuja usiku kucha. Anza na choo.

Kila mwaka pima tope kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Tope na mafuta vikifika theluthi ya kina, ita gari. Karo livutwe kiangazi, kisha lijaze maji siku ileile.

Fungua vile vifuniko vya mwisho wa mabomba mara moja kwa mwaka, washa pampu, acha uchafu utoke.

## Kama kiwanja kimekataa kilima

Maji yakifika karibu na uso wa ardhi, kilichobaki ni viwili. Cha kwanza ni karo lilelile lisilovuja, bila kilima, linalovutwa na gari. Hesabu gharama kwa uaminifu: lita 600 kwa siku zinajaza lita 3,000 kwa siku 5. Ndipo watu wanapoingia kwenye kishawishi cha kutapisha choo mvua ikinyesha, na kipindupindu kinapita mtaa mzima. Kama huwezi kulilipia gari mwaka mzima, usichague njia hii.

Cha pili ni choo cha kutenganisha mkojo, kisichotumia maji, chenye vyumba viwili vilivyojengwa juu ya ardhi. Kinyesi kinafunikwa kwa majivu kila matumizi. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa mwaka mzima kingine kikitumika. Hakichimbwi hata futi moja. Ndiyo maana kinafaa pia kwenye majabali ya Mwanza na kwenye mawe ya matumbawe ya Unguja, ambako maji taka yakiingia kwenye ufa yanaweza kufika kisimani bila kusafishwa na chochote. Maji ya kuoga na kufulia, ambayo hayatoki chooni, yapelekwe kwenye kitanda kidogo cha kokoto kilichoinuliwa, chenye migomba.

Pale Mwanza au Unguja, shimo la majaribio likinyonya maji kwa sekunde chache, usifurahi. Chini ya dakika 2 maana yake maji yanapita bila kuchujwa, na ukijenga kilima, sentimita 60 za mchanga safi chini ya kokoto ni lazima hata kama pakavu.